Uzi: Benki inasema usimwambie mtu namba yako, kisha inakupa kifaa ambacho lazima mtu akusomee

Mtoto wa Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuandika kwa siku mbili, utakuwa mrefu, mnivumilie.

Mimi sioni. Surua iliniondolea macho nikiwa na miaka 4, nyumbani Pangani, nikapelekwa shule ya wasioona Irente kule Lushoto, na huko ndiko nilikojifunza nukta nundu. Sasa naishi Leicester, Uingereza, mwaka wa 15. Kazi yangu ni ukalimani wa simu: hospitali ikipata mgonjwa wa Kiswahili wananipigia. Kompyuta naitumia kwa kisoma skrini, programu inayotamka kilichoandikwa. Barua pepe, magazeti, hata majibu yenu hapa nayasikia kwa njia hiyo. Tovuti ya benki yangu nayo nilikuwa naitumia mwenyewe bila kumsumbua mtu.

Shida ililetwa na mtu wa posta, ndani ya bahasha.

Kwa wasiojua, mabenki ya hapa yalianza kugawa visoma kadi vya nyumbani mwaka 2007. Barclays walikiita chao PINsentry, na wengine wakafuata na vya kwao. Ni kama kikokotoo kidogo. Unachomeka kadi, unaingiza namba ya siri, chipu ya kadi inatengeneza namba ya tarakimu 8, kifaa kinaionyesha kwenye kioo, na wewe unaiandika kwenye tovuti. Mwizi aliyeiba nywila yako hawezi kuingia kwa sababu kadi hana. Wazo ni zuri na silipingi hata kidogo.

Lakini zile tarakimu 8 zinaonyeshwa tu, hazisemwi. Changu kilikuwa na vitufe laini vya mpira vilivyobanana, na alama pekee ya kupapasa ni kile kinundu juu ya 5. Kwa kinundu hicho nilijifunza kuingiza namba ya siri. Baada ya hapo ukuta. Namba imetokea pale kiooni, imo mkononi mwangu, na siijui.

Kwa hiyo alisoma mwanangu. Alikuwa na miaka 9. Kila nilipotaka kujua kama mshahara umeingia, namwita aache mchezo wake, anasimama kando yangu, ananitajia tarakimu moja moja. Mtoto wa miaka 9 akawa anajua baba ana kiasi gani na amebakiwa na nini. Siku moja aliniuliza kama tutaweza kulipa kodi ya nyumba mwezi ule. Sijalisahau swali lile.

Kuna wiki alienda safari ya shule na kodi ilikuwa inadaiwa. Nikajaribu peke yangu. Kwenye kulipa mtu mpya kifaa kinataka zaidi: unaingiza humo humo namba ya akaunti ya anayelipwa, kisha kiasi, ndipo kinakupa namba ya kuthibitisha. Hiyo inazuia mwizi asibadilishe malipo njiani, na ndiyo sehemu ya maana kuliko zote. Kwangu ilikuwa kubonyeza gizani. Kifaa kinajizima kikikaa kidogo bila kuguswa, na kikijizima hakikwambii. Nilidhani naingiza kiasi kumbe kilikuwa kimeanza upya na nilikuwa naingiza namba ya siri. Mara ya tatu kadi ikafungwa. Nikatembea na fimbo yangu kwenye mvua hadi ATM yenye tundu la hedifoni, nikaifungua, nikarudi, nikamgongea jirani anisomee. Jirani ni mtu mwema. Aliiona kadi yangu, aliviona vidole vyangu vikiingiza namba ya siri, na aliliona salio.

Nilipowapigia benki, dada aliyepokea alinijibu kwa upole: mwombe mtu unayemwamini akusaidie. Nikamuuliza, mkataba wenu si unasema nikimwonyesha mtu namba yangu ya siri na pesa zikapotea mnaweza kuniambia hasara ni yangu? Akanyamaza. Wakuu, ukimya ule ndio ulionifanya nianze kuandika barua.

Nilisimamia hapa, na bado nasimama: kifaa kinachonilazimisha kufungua siri yangu kwa mtu mwingine kimenilinda na mwizi wa mbali kwa kunivua nguo mbele ya aliye karibu.

Barua yangu ya pili niliitajia sheria ya usawa ya hapa, Equality Act ya 2010, na jibu lilikuja upesi. Kumbe walikuwa nacho siku zote kisoma kadi kinachoongea! Kimo kwenye orodha yao, hakuna aliyeniambia, na yule dada wa simu naye hakuambiwa. Kilifika baada ya siku 9. Ni kikubwa kama kiganja, vitufe vimeachana, kina spika, kitufe cha kuongeza sauti na tundu la hedifoni. Usiku ule mwanangu alikuwa amelala. Nikaweka hedifoni, nikachomeka kadi, sauti ikaniambia niingize namba ya siri, kisha ikanitamkia tarakimu 8, nikabonyeza ikarudia. Nikaingia. Salio lilikuwa pauni 212. Nilikaa pale mezani muda mrefu.

Miaka imepita hivyo. Sasa mwezi uliopita imekuja taarifa: visoma kadi vinaondolewa, wote twende kwenye programu ya simu. Nikaipakua. Ukifika pa kuingiza namba ya siri, tarakimu zinachanganywa kila mara ili mtu asikariri vidole vyako, na vitufe havikupewa majina. Simu inanisomea: kitufe, kitufe, kitufe, kitufe. Mara kumi. Nimerudi kule kule kwenye bahasha.

Naomba wenye uzoefu mchangie. Wa Tanzania, Kenya, Oman, popote. Wasioona huko mnaingiaje kwenye akaunti zenu? Na wenye kujua mifumo, nielezeni kwa nini hili linajirudia.

KariakooKwetu

Mkuu pole sana. Ile ya mtoto kuuliza kodi imenigusa, nina wa umri huo huo.

Swali la kweli, si ubishi: kifaa kikitamka namba kwa sauti, aliye karibu si atasikia?

Mtoto wa Pangani

Ndugu yangu, ndiyo maana ya tundu la hedifoni. Na angalia kinachosemwa. Namba ya siri haitamkwi, kila ukibonyeza tarakimu unasikia mlio tu. Kinachotamkwa ni ile namba ya tarakimu 8, nayo inafanya kazi mara moja tu. Aliyeisikia bila kadi yangu hana cha kuifanyia. Jirani aliyesimama begani pangu aliona zaidi ya hapo.

Mifumo_Dar

Nimefanya kazi upande wa mifumo ya benki miaka kadhaa hapa mjini, nichangie kwa ninayoyajua.

Kwanza, kisoma kadi hicho chenyewe hakina siri yoyote ndani. Siri iko kwenye chipu ya kadi. Kifaa ni vitufe, betri na kioo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walivichunguza vifaa hivi mwaka 2009, na waliona kwamba kisoma cha benki moja kinafanya kazi na kadi ya benki nyingine ya hapo hapo Uingereza, maana vyote vinafuata utaratibu mmoja. Ina maana kwenu wasioona: kinachoongea hakihitaji kutengenezwa kwa jina lako. Kinaweza kukaa tawini kwenye droo, mteja akija anapewa papo hapo. Siku 9 na barua mbili hazikuhitajika.

Kuna aina nyingine, ile tokeni ndogo ya kwenye ufunguo, haina pa kuchomeka kadi. Hiyo ndiyo yenye siri ndani. Inachukua siri hiyo na saa, inatoa namba mpya kila sekunde 30 au 60. Kwa asiyeona hii ni mbaya zaidi, kwa sababu hata ukimpata wa kukusomea, namba inabadilika katikati ya kusomewa.

Watu huuliza, si upige picha simu isome? Tarakimu za vifaa hivi zimeundwa kwa vijiti saba visivyogusana, kwenye kioo kisicho na taa kinachoakisi mwanga wa chumba. Programu nyingi za kusoma maandishi zimefundishwa herufi za vitabu na mabango, kwa hiyo 8 inakuwa 0, 1 haionekani kabisa. Ipo Be My Eyes, ya Denmark, tangu 2015, unampigia mtu wa kujitolea kwa video akusomee. Nzuri sana kwa tarehe ya kuharibika maziwa. Kwa kisoma kadi, yule mtu usiyemjua anaiona kadi yako imechomekwa.

Sasa programu ya simu. Hapa nasema kwa uchungu kwa sababu nimekaa kwenye vikao hivyo. Simu janja ndiyo kifaa bora kuliko vyote kwa asiyeona. iPhone ina kisoma skrini chake, VoiceOver, tangu 2009, Android ina chake, TalkBack, tangu mwaka huo huo. Vitufe vya mkuu kusomwa "kitufe, kitufe" maana yake mtengenezaji amechora tarakimu kama picha na hakuandika jina nyuma ya kila picha. Kuyaandika majina kumi ni kazi ya asubuhi moja. Haikufanywa kwa sababu katika orodha ya majaribio kabla ya programu kutoka, hakuna mstari unaosema: zima kioo, washa TalkBack, jaribu kuingia.

Sababu nyingine utakayoambiwa ni wezi. Virusi vya Android vya kuiba benki, kama Anubis na Cerberus, hutumia vibaya ruhusa iliyowekwa kwa ajili ya programu za kusaidia walemavu, ili visome kilicho kiooni. Baadhi ya watengenezaji wakaona njia fupi ni kuzuia kila kitu kinachosoma kioo. Ukizuia hivyo, umemfungia mlango mteja halali pamoja na mwizi. Na tangu Android 14 ya mwaka 2023 kuna njia ya kuficha sehemu nyeti kwa programu zisizo visaidizi vya kweli huku TalkBack ikiendelea kusoma. Kwa hiyo sababu hiyo imekwisha.

UtrechtKiswahili

Mimi ni wa Unguja, niko Uholanzi. Mke wangu anaona kwa shida sana, macho yake yamebaki na mwanga tu. Huku Rabobank walikuwa na kisoma kadi kinachoongea, waliita Random Reader Comfort, akakitumia vizuri. Baadaye vikaja vya kamera: tovuti inaonyesha mraba wa nukta za rangi, unakielekeza kifaa kwenye mraba. Mtu asiyeona anaelekeza kamera wapi? Kuna chenye sauti, ila kujifunza kukishika sawasawa mbele ya kompyuta kulimchukua jioni nyingi. Ujerumani rafiki zangu wana kingine cha kubandika kwenye mistari inayomweka kiooni.

Habari njema ni kwamba tangu tarehe 28 Juni 2025 sheria ya Umoja wa Ulaya ya ufikivu imeanza kufanya kazi, na huduma za benki kwa wateja wa kawaida zimo. Kaka wa Leicester bahati mbaya Uingereza imeshatoka Umoja.

Wakala Tandika

Wakuu nimesoma uzi wote. Mimi ni wakala wa pesa za simu Tandika, mwaka wa 8. Mnazungumza visoma kadi vya Ulaya, ngojeni niwaambie cha kwetu.

Wateja wangu wasioona ni wanne wa kudumu. Watatu wana kiswaswadu, simu ya vitufe, haisemi neno. Wanakuja, wananipa simu, wananitajia namba ya siri. Kwa mdomo, foleni ikiwa nyuma yao. Mara ya kwanza nilimwambia mzee mmoja, baba usinitajie, akaniuliza sasa nitafanyaje. Nikakosa jibu, nikaichukua simu.

Mzee huyo ana genge la mkaa. Mwaka juzi alikuja akiwa amenyamaza. Pesa yake, laki na elfu themanini, ilikuwa imehamishwa kwa mara mbili, usiku. Simu yake ilibaki kwenye genge jioni ile alipokwenda kuswali. Mtu aliyesimama nyuma yake kwangu siku kadhaa kabla aliisikia namba. Hakunishtaki mimi. Alisema tu, "Wewe najua si wewe." Mimi ndiye niliyeshindwa kulala.

Wa nne ana simu janja yenye TalkBack. Naye si rahisi. Ile menyu ya nyota na alama ya reli ina muda wake. TalkBack inamsomea moja hadi nane, akifika anakotaka menyu imejifunga, anaanza upya. Halafu kwenye menyu ile namba ya siri haifichwi kwa vitone, inaandikwa wazi, na simu inaitamka tarakimu moja moja kwa sauti. Mara ya kwanza duka zima lilisikia. Tangu siku hiyo nina hedifoni hapa kaunta, namkabidhi kabla hajaanza.

Nauliza wataalamu: huo muda wa menyu hauwezi kuongezwa?

Mifumo_Dar

Wakala, unaweza kuongezwa kwa kiasi. Muda huo unapangwa na mtandao wa simu na aliyetengeneza menyu, haujaandikwa mbinguni. Na menyu fupi inasaidia kuliko muda mrefu: machaguo manne kila hatua badala ya nane, na lile linalotumika zaidi liwe la kwanza. Lugha nayo. Menyu ya Kiswahili ikisomwa na sauti ya Kiingereza inakuwa mchafukoge. Sauti ya Kiswahili ya Google ipo, ichaguliwe kwenye mipangilio.

Hongera kwa hedifoni. Hakuna benki iliyokufundisha hilo.

Mama wa Mbezi

Samahanini, mimi sikupendezwa na baadhi ya maneno humu. Baba yangu yuko Muheza, presha ya macho imemmaliza, ana miaka 71. Namba yake ya siri ninayo mimi. Namtumia, namlipia, namwangalizia salio. Simwibii hata senti. Sasa mkisema anayesoma ni kama anakuvua nguo, watoto tunaowahudumia wazazi tuelewe nini?

Mtoto wa Pangani

Dada, shikamoo yangu mpelekee mzee. Na neno lile liliilenga benki, halikukulenga wewe wala jirani yangu wala mwanangu. Bila nyinyi tungelala njaa, na sitaki mtu asome uzi huu akaacha kumsaidia baba yake.

Nakuuliza kimoja tu, na si lazima unijibu hapa. Baba yako aliwahi kutuma pesa ambayo wewe hukuijua? Zawadi kwa mjukuu, rambirambi kwa rafiki yake wa zamani, kitu chake mwenyewe? Mimi miaka ile yote sikuweza kumnunulia mwanangu zawadi ya siku ya kuzaliwa kwa mtandao, kwa sababu ni yeye aliyekuwa anasoma namba.

Wakili wa Kizingo

Niko Mombasa, ni wakili, na mimi pia sioni. Niongeze upande wa sheria, maana watu wengi wanadhani tunaomba hisani.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ibara ya 12(5), unasema wazi kwamba nchi zihakikishe watu wenye ulemavu wanasimamia mambo yao ya fedha wenyewe, sawa na wengine. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania na Uingereza mwaka 2009. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 54, inatupa haki ya kupata vifaa vya kutuondolea vikwazo vinavyotokana na ulemavu. Tanzania mna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Haya yote yako kwenye karatasi, kwa wino.

Na msidhani kesi hizi hazishindiki. Australia, benki ya Commonwealth ilileta mashine ya malipo dukani iitwayo Albert, kioo kitupu bila vitufe. Asiyeona hawezi kuingiza namba ya siri kwenye kioo kitupu. Graeme Innes, aliyewahi kuwa Kamishna wa kupinga ubaguzi wa walemavu nchini humo, na Nadia Mattiazzo, wote wawili hawaoni, walikwenda mahakamani mwaka 2018. Mwanzoni mwa 2019 wakapatana na benki, ikakubali kwamba wasioona walipata taabu na ikaahidi kuboresha programu na kuwafundisha wenye maduka. Nilipoisoma nilikumbuka duka moja la hapa Nyali ambapo kijana wa kaunta aliniambia kwa sauti, "Mzee nitajie tu nikuwekee." Nilirudisha bidhaa zote.

Kakangu wa Leicester, sheria ya huko kwako ina meno kuliko unavyodhani. Wajibu wa kufanya marekebisho kwa mteja mwenye ulemavu ni wa kutangulia. Benki haitakiwi kusubiri asiyeona aje alalamike, inatakiwa imfikirie kabla hajaja. Kukuondolea kifaa kinachoongea kabla programu mpya haijasomeka ni kurudi nyuma, na uwaandikie hivyo hivyo.

KariakooKwetu

Huu uzi ubandikwe juu jamani. Mimi nilikuja kuuliza swali moja, sasa nipo hapa saa nzima.

Mtoto wa Pangani

Wakili, ahsante sana. Nimeandika. Nawawekea hapa nilivyofanya, kwa sababu nimepata ujumbe wa faragha kutoka kwa Watanzania wawili walioko huku wenye tatizo hili hili.

Usianze na simu, anza na maandishi, maana simu haiachi alama. Sema kwamba ni malalamiko rasmi. Eleza kitendo usichoweza kukifanya, kwa vitu halisi: "nikiwasha VoiceOver, vitufe kumi vya namba ya siri vinasomwa kitufe bila tarakimu." Mimi nilirekodi sauti ya simu ikisoma nikaiambatisha, sekunde 20 tu. Taja sheria ya 2010. Kisha omba vitu viwili tofauti: kifaa kinachoongea kibaki hadi programu ijaribiwe na mtu asiyeona, na wakati huo wakupe njia nyingine, kwa mfano mashine ikupigie simu ya nyumbani ikutamkie namba. Ukitumiwa kwa ujumbe mfupi nao unasomeka na kisoma skrini, ila laini ikitekwa na matapeli imekwisha, kwa hiyo mimi sikuuomba.

Wiki 8 zikipita bila jibu la mwisho, au jibu likikuudhi, unakwenda kwa Financial Ombudsman Service, chombo cha hapa kinachoamua malalamiko ya wateja dhidi ya mabenki. Ni bure. Ukishapewa jibu la mwisho una miezi 6. Mimi leo niko wiki ya 3.

Na jambo moja ambalo sikuliandika mwanzo. Mwanangu sasa ni mtu mzima. Juzi nilimwambia nimeandika uzi huu, akasema anakumbuka. Akasema alikuwa anaogopa kukosea tarakimu.

Wakala Tandika

Wakuu, mrejesho kidogo. Nimezungumza na yule mzee wa mkaa. Mjukuu wake alikuwa na simu janja ya zamani, kioo kimepasuka pembeni, inafanya kazi. Kioo kupasuka kwake si kitu. Nimeiwasha TalkBack, nimemwekea sauti ya Kiswahili, kila siku mchana wateja wakipungua anakaa hapa dakika 20. Kwanza alikuwa anabonyeza kwa nguvu kama kiswaswadu. Sasa ameelewa: telezesha kidole, sikiliza, ukisikia unachotaka gonga mara mbili. Tunafanyia mazoezi kwenye kuangalia salio tu. Menyu bado inamfungia, mara tatu kati ya tano.

Mama wa Mbezi

Wakala, hiyo TalkBack inawashwaje? Simu ya baba ni Android ndogo, nilimnunulia mwaka jana, anaitumia kupokea tu.

Wakala Tandika

Mama, ingia mipangilio, tafuta ufikivu, utaiona TalkBack, iwashe. Kama haimo, pakua Play Store, Android Accessibility Suite. Hapo hapo ruhusu njia ya mkato, ili yeye mwenyewe awe anaiwasha kwa kubana vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde tatu. Usisahau hedifoni. Na mpunguzie mwendo wa kusoma siku za kwanza, akizoea atakwambia uongeze.

Mifumo_Dar

Mama, nyongeza: ukimaliza kumfundisha, mwache ajaribu na wewe ukiwa chumba kingine. Ukikaa pembeni atakuwa anakupa simu.

Mama wa Mbezi

Nilikwenda Muheza Ijumaa nikarudi jana. Nilifanya mlivyosema, nilimwachia simu nikaenda jikoni kwa mama mdogo. Alikaa nayo tangu alasiri, nikawa namsikia anaisemesha. Saa mbili usiku simu yangu ikaita ujumbe, nimepokea shilingi elfu mbili kutoka kwake. Nikatoka na kijiko mkononi.

Kaka wa Pangani, lile swali lako nilimuuliza. Alikaa kimya, kisha akasema kuna mtu Korogwe alikuwa hajampelekea pole ya msiba tangu Ramadhani, na hakutaka mimi nijue kiasi.

Asubuhi amebadilisha namba ya siri. Hakuniambia.

Wakala, muda wa menyu ulimfungia mara sita. Kama kuna mahali pa kupeleka hilo kwa maandishi, naomba nielekezwe, nitaandika mimi.